ALIYEUTIA UPEPO MIZANINI: MAISHA YA FRANCIS BEAUFORT

Zamani nguo zilipimwa kwa wari, mchele kwa kibaba na pishi, na karafuu kwa frasila. Muuzaji alipopunguza kibaba, mnunuzi alimjua na kumshitaki, kwa sababu kibaba kilijulikana na watu wote. Lakini upepo nao hupimwa kwa nini? Hauonekani kwa jicho, haushikiki kwa mkono, wala haukai mahali pamoja hata ukatiwa mizanini. Na juu ya hayo, roho za watu wetu wa pwani waendao baharini zimefungamana nao tangu zama za mababu zetu.

Twakumbuka jambo moja lililotukia katika mji wetu, siku za kusi. Nahodha mmoja aliingia bandarini alasiri akitoka upande wa kusini, tanga lake limejaa na upepo u nyuma yake. Mwenzake, aliyekuwa akijitengeneza kwenda huko huko alikotoka yeye, alimwuliza khabari ya bahari. Akajibiwa kuwa upepo si mwingi. Basi akatweka tanga zima akatoka. Hakufika mbali: alipokwenda joshi nje ya mwamba foromali ilivunjika, mashua ikalala, na kijana mmoja katika mabaharia wake hakuonekana tena. Watu wakamlaumu yule wa kwanza, wakamwita mwongo. Sisi tulimjua mtu yule, na twajua kuwa hakusema uwongo. Alisema kama alivyohisi. Upungufu haukuwa katika ulimi wake. Ulikuwa katika kipimo, kwa kuwa hakuwa nacho.

Kwa ajili ya jambo hilo tumependa kuwaeleza ndugu zetu maisha ya mtu aliyeona upungufu huu huu katika bahari nyingine, akaushughulikia umri wake wote. Jina lake ni Francis Beaufort. Huenda msomaji akatuuliza: afisa huyu wa manowari za Kiingereza, aliyekufa zamani, ana nini nasi? Jawabu letu ni kuwa upepo hauulizi kabila la mwenye chombo, na kipimo kilicho sawa huwafaa wote wakitumiao.

Beaufort alizaliwa tarehe 27 Mei 1774 katika mji wa Navan, jimbo la Meath, nchi ya Ayalandi. Baba yake, Daniel Augustus Beaufort, alikuwa kasisi wa Kiprotestanti, na asili ya jamaa zake ni Wafaransa waliohama kwao kwa sababu ya dini. Kasisi huyo alipenda sana elimu ya ardhi, akachora ramani ya Ayalandi iliyochapishwa mwaka 1792. Basi mtoto alikulia katika nyumba ambamo kupima na kuandika ni kazi ya kila siku. Alipoonyesha kuwa moyo wake uko baharini, baba yake hakumzuia. Alimpeleka kwanza kwa Dokta Henry Ussher katika nyumba ya kutazamia nyota ya Dunsink, karibu na Dublin, ajifunze elimu ya nyota kabla ya kujifunza kamba na matanga.

Mwaka 1789, naye ana umri wa miaka 14, aliingia katika marikebu Vansittart ya Kampuni ya Mashariki ya Hindi, iliyokuwa chini ya Kapteni Lestock Wilson. Safari yake ya kwanza haikwisha kwa salama. Katika mlango wa bahari wa Gaspar, baina ya visiwa vya Bangka na Belitung upande wa Sumatra, marikebu ilipanda mwamba ikapotea. Nahodha wake alikuwa akijaribu kuupima mlango huo ambao ramani za wakati ule hazikuueleza vizuri. Kijana akaokoka, lakini aliona kwa macho yake thamani ya khabari isiyo sahihi: marikebu kubwa imepotea kwa sababu karatasi haikusema palipo na mwamba. Tangu hapo mpaka kufa kwake hakuacha kushughulika na usahihi wa khabari za baharini.

Mwaka 1790 aliingia katika jeshi la manowari la Uingereza. Zama zile zilikuwa zama za vita baina ya Uingereza na Ufaransa, naye alikuwamo katika manowari Aquilon kwenye vita vikubwa vya tarehe 1 Juni 1794. Tangu ujana wake alikuwa na ada moja ambayo hakuiacha: kila siku aliandika hali ya hewa katika daftari lake mwenyewe. Wenzake waliandika yaliyowalazimu. Yeye aliandika zaidi ya aliyoamriwa.

Mwaka 1800, akiwa luteni katika manowari Phaeton, aliongoza mashua usiku kwenda kuiteka marikebu ya Kispania iitwayo San Josef, iliyotia nanga chini ya ngome ya Fuengirola karibu na Malaga. Marikebu ikatekwa, lakini Beaufort alipata majeraha 19, ya panga na ya risasi. Akapandishwa daraja na kupewa malipo ya paundi 45 kwa mwaka, akarudishwa kwao kujiuguza. Muda wa miaka kadha hakupewa chombo.

Mtu mwingine angalikaa akahesabu majeraha yake. Yeye alikwenda kumsaidia shemeji yake, Richard Lovell Edgeworth, mwenye fikira nyingi za ufundi, aliyekuwa amemwoa dada yake. Katika mwaka 1803 na 1804 wawili hao walijenga mstari wa kupelekea khabari kutoka Dublin mpaka Galway, kutoka mashariki ya Ayalandi hadi magharibi yake. Juu ya vilima walisimamisha miti yenye vibao vya pembe tatu. Kila mlalo wa kibao ulikuwa na maana ya hisabu, na hisabu hizo zilifasiriwa kwa kutazama kitabu. Mtu wa kilima cha pili hakuwa na haja ya kuelewa maneno. Alikuwa na haja ya kuona hisabu na kuirudia kama ilivyo. Hatusemi kuwa huko ndiko Beaufort alikopata fikira yake ya upepo. Lakini twaona kuwa huko alizoea jambo moja kubwa: neno hubadilika likipita vinywani mwa watu wengi, na hisabu haibadiliki.

Mwaka 1805 alipewa marikebu Woolwich. Haikuwa furaha kwake, maana ilikuwa manowari iliyogeuzwa kuwa ya kuchukulia shehena, ilhali wenziwe walipewa manowari za kupigania. Hata hivyo, kazi iliyolihifadhi jina lake mpaka leo aliianzia ndani ya marikebu hiyo ya mizigo.

Ni lazima tueleze kwanza hali ilivyokuwa. Katika kila manowari kulikuwa na daftari la safari, na afisa wa zamu aliandika humo upepo unavyovuma. Lakini aliandika kwa maneno: upepo mwanana, upepo mzuri, upepo mkali, dhoruba. Ni nani ajuaye mwisho wa mwanana na mwanzo wa mkali? Afisa kijana aliyetoka mtoni juzi huita dhoruba kile ambacho mzee aliyezunguka rasi za kusini hukiita upepo mzuri. Aliye katika chombo kidogo husema bahari imechafuka, na aliye katika manowari ya sitaha tatu husema si kitu. Hata mtu mmoja huyo huyo asubuhi ameshiba na usiku amelowa hasemi neno moja. Hivyo madaftari yalijaa maandishi, na hayakuwezekana kulinganishwa. Mchora ramani aliyetaka kujua pepo za bahari fulani alisoma madaftari 20 akapata khofu na furaha za watu 20, wala hakupata upepo wenyewe.

Tarehe 13 Januari 1806 Beaufort aliandika katika daftari lake kwamba tangu hapo atautaja upepo kwa hisabu, kuanzia sifuri, ambayo ni shuwari, mpaka 13, ambayo ni tufani. Kando yake akaweka herufi za kutaja hali ya hewa: moja ya mbingu safi, moja ya mawingu, moja ya mvua, moja ya ukungu, na kadhalika.

Insafu yatupasa kusema kuwa si yeye wa kwanza kuuhesabu upepo. Mhandisi John Smeaton, katika maandishi yake ya mwaka 1759, aliupanga upepo kwa kutazama jinsi unavyozungusha vinu vya kusagia. Na Alexander Dalrymple, mkuu wa kwanza wa ramani za bahari wa Uingereza, aliandika daraja za upepo kabla ya Beaufort, na Beaufort alimjua. Mwenye kuichukua kazi ya wenzake akaikamilisha hapungukiwi na kitu kwa kutajiwa wenzake hao.

Ukamilisho wake ulikuja mwaka 1807. Kwa kuwa hisabu peke yake haitoshi. Mtu akisema upepo ni 6, twaweza kumwuliza: sita kwa kipimo gani? Ikiwa kila mtu ana sita yake, tumerudi pale pale kwenye mwanana na mkali. Basi Beaufort alizipunguza daraja ziwe 12 juu ya sifuri, kisha akaifunga kila daraja na kitu ambacho kila baharia wa zama zake alikijua kama ajuavyo vidole vyake: matanga ya manowari, yenye milingoti mitatu na matanga ya mraba yaliyopandana.

Sifuri ni shuwari. Moja ni upepo utoshao tu kuifanya marikebu itii usukani. Daraja ya 2, ya 3 na ya 4 alizipima kwa mwendo: manowari iliyotweka matanga yake yote katika maji yaliyotulia huenda maili 1 au 2 za bahari kwa saa kwa daraja ya 2, maili 3 au 4 kwa ya 3, na maili 5 au 6 kwa ya 4. Kutoka 5 aliuacha mwendo akashika tanga, kwa sababu chombo kikifikia ukomo wa mwendo wake upepo waweza kuzidi nacho kisizidi. Kwa 5 manowari inayofukuza, hali ikienda joshi, yaweza bado kuchukua matanga yake madogo ya juu kabisa. Kwa 6 hayo hushushwa, na matanga makubwa ya juu hukunjwa mkunjo mmoja. Kwa 7 hukunjwa miwili, kwa 8 mitatu, na kwa 9 hukunjwa mpaka mkunjo wa mwisho. Kwa 10 haiwezi kuchukua ila tanga moja la juu katika mlingoti mkuu, lililokunjwa kabisa, na tanga la chini la mbele lililopunguzwa. Kwa 11 hubaki vitanga vya dhoruba. Na kwa 12 hakuna kitambaa kiwezacho kusimama.

Na tutazame hekima iliyomo, kwani ndiyo iliyotufanya tuandike. Hekima ya kwanza ni kuwa hakumwuliza baharia anahisi nini. Alimwuliza amepunguza nini. Khofu ya mtu haionekani, lakini mkunjo wa tanga waonekana na kila aliye sitahani, na nahodha hawezi kuudanganya mlingoti wake. Ya pili ni kuwa hakutaka chombo kipya cha ghali. Kipimo kilikuwa tayari juu ya kila manowari. Na ya tatu, ambayo wengi hawaitambui, ni kuwa alitaja chombo kinaelekea wapi: daraja za upepo mwingi alizipima katika marikebu inayokwenda joshi, wala si marikebu inayosukumwa kutoka nyuma.

Jambo hili la tatu ndilo lililomwua yule kijana wa mji wetu. Tuchukue mfano. Upepo wa kweli una noti 18, yaani maili 18 za bahari kwa saa. Mashua inakimbia mbele yake kwa noti 6. Aliye ndani yake huhisi noti 12 tu, kwa kuwa anaukimbia upepo umfuatao. Uso wake ni mkavu na tanga limetulia. Sasa mashua ile ile igeuke iende joshi kwa noti 5. Upepo haukuongezeka hata kidogo, lakini aliye ndani huhisi noti zinazokaribia 22. Na nguvu ya upepo juu ya tanga haizidi kwa kiasi cha mwendo wake tu: mwendo ukizidi mara 2, msukumo huzidi mara 4. Kwa hivyo kutoka 12 hadi 22 foromali imeongezewa mzigo zaidi ya mara 3, katika bahari ile ile na saa ile ile. Nahodha wa kwanza aliuona upepo kwa mgongo wake, wa pili akakutana nao kwa uso. Wote wawili walisema kweli, na kijana akafa baina ya kweli mbili.

Turudi katika maisha yake. Mwaka 1807 alipima maji ya mto mkubwa wa Rio de la Plata huko Amerika ya Kusini. Mwaka 1810 akawa kapteni kamili, na katika mwaka 1811 na 1812, akiwa na manowari Fredericksteen, alipewa kazi ya kuchora pwani ya kusini ya Anatolia, iliyokuwa nchi ya dola ya Kiothmani na ambayo leo ni ya Uturuki. Alizipima rasi na bandari hatua kwa hatua, na magofu ya miji ya kale hakuyapita bila ya kuyaandika. Tarehe 20 Juni 1812, mahali paitwapo Ayas, watu wenye silaha waliwashambulia mabaharia wake nchi kavu. Kijana mmoja mwanafunzi wa uafisa aliuawa, na Beaufort mwenyewe akapigwa risasi ya paja iliyovunja mfupa. Kuamrisha kwake marikebu kukaishia hapo. Aliyoyaona huko aliyaandika katika kitabu alichokiita Karamania, kilichochapishwa mwaka 1817. Mwishoni mwa mwaka 1812 alimwoa Alicia, binti wa Kapteni Wilson yule yule aliyempeleka baharini kwa mara ya kwanza.

Miaka mingi ikapita hana cheo cha maana. Mwaka 1829, naye anakaribia umri wa miaka 55, alifanywa mkuu wa idara ya ramani za bahari za jeshi la manowari. Wengi katika umri huo hutafuta kiti cha kupumzikia. Yeye alikaa katika kazi hiyo mpaka mwaka 1855, na katika miaka hiyo idara yake ikawa mfano duniani. Alituma vyombo kupima pwani za bara nyingi, naye akawaandikia manahodha maagizo marefu: watazame nini, waandike nini, na waandike vipi.

Hapa insafu yatutaka tuseme upande wa pili. Ramani hizo hazikuchorwa kwa mapenzi ya elimu peke yake. Dola iliyozilipia ilikuwa ikitawala bandari za watu, na ramani iliyomwokoa mfanya biashara na mwamba ndiyo iliyomwonyesha mwenye mizinga njia ya kuingilia. Hatulifichi jambo hilo. Lakini twasema pia kuwa kipimo si mali ya aliyekianzisha. Na mwenye kuiacha elimu kwa kuwa imo mikononi mwa mwenye nguvu amemwongezea nguvu.

Mwaka 1831 manowari ndogo Beagle ilitayarishwa kwa safari ya kuzunguka dunia, chini ya Kapteni Robert FitzRoy. Beaufort alisaidia kutafuta kijana mwanachuoni wa kufuatana naye, na aliyepatikana ni Charles Darwin, ambaye jina lake lingali likizusha mabishano. Sisi hapa tunalolitaka ni jingine: katika maagizo aliyompa FitzRoy, Beaufort aliweka daraja zake za upepo, zitumike kila siku ya safari ile iliyokwisha mwaka 1836. Miaka 25 alikuwa akizitumia yeye mwenyewe, na hakumlazimisha mtu. Sasa zikajaribiwa na wengine. Na mwaka 1838 ikatoka amri kwamba manowari zote za Uingereza ziandike upepo kwa daraja hizo. Kutoka daftari la Woolwich mpaka amri hiyo ni miaka 32. Msomaji na apime subira ya mtu huyo kwa hisabu hiyo.

Alipewa nishani na jina la Sir mwaka 1848. Alikufa tarehe 17 Desemba 1857, ana umri wa miaka 83, akazikwa Hackney katika London. Ada yake ya kuandika hali ya hewa, aliyoianza kijana, ilimfuata mpaka uzee wake.

Miaka miwili baada ya kufa kwake ilionekana faida ya watu wote kuutaja upepo kwa lugha moja. Usiku wa tarehe 25 kuamkia 26 Oktoba 1859 tufani ilipiga pwani za Uingereza, na marikebu Royal Charter, iliyokuwa ikitoka Australia, ilivunjika juu ya miamba ya kisiwa cha Anglesey. Watu zaidi ya 400 wakafa hali wameiona nchi kavu. FitzRoy, ambaye tangu mwaka 1854 alikuwa mkuu wa idara mpya ya hali ya hewa, alikusanya maandishi kutoka mahali mbalimbali, akafuata njia iliyopita tufani hiyo, akathibitisha kuwa yaliwezekana kuwaonya watu walio mbele yake kwa njia ya simu za waya. Mwaka 1861 maonyo ya dhoruba yakaanza kupelekwa bandarini. Lau bandari moja ingaliandika mkali na nyingine ikaandika mzuri, asingaliweza kuona tufani ikitembea.

Ama vyombo vya kupimia, navyo vikaja. Mwaka 1846 Thomas Romney Robinson, mwanachuoni wa nyota wa Armagh huko Ayalandi, aliyemwoa binti mmoja wa yule Edgeworth tuliyemtaja, alitengeneza chombo chenye vikombe vinne vinavyozunguka juu ya mti. Yeye alidhani kuwa vikombe huenda theluthi moja ya mwendo wa upepo, vikiwa vikubwa au vidogo. Wataalamu wa baadaye walipochunguza waliona sivyo: hisabu hiyo hubadilika kwa ukubwa wa vikombe na urefu wa mikono yao. Mashine nayo yataka kupimwa.

Siku hizi mashua nyingi za starehe na za mashindano zina chombo kama hicho juu ya mlingoti, na hisabu husomwa karibu na usukani. Wasiojua hudhani kuwa wameuona upepo wa kweli. Walakini chombo hicho hupokea upepo wa mashua inayokwenda, na lazima mwendo wa mashua utolewe. Mashua ikiyumba, ncha ya mlingoti hupiga hewa huku na huku, na vikombe huhesabu myumbo huo kama upepo. Ikilala upande mmoja, vikombe navyo hulala. Tanga lenyewe huipinda hewa inayopanda mpaka juu. Na upepo wa juu ya mlingoti aghlabu huzidi ule wa karibu na maji. Ndiyo maana wapimaji wamekubaliana kuutaja upepo wa urefu wa mita 10. Mwenye kutaka usahihi husahihisha yote hayo, kisha hutazama bahari na tanga lake aone kama yanakubaliana na mashine.

Matanga ya mraba yalipoondoka baharini, daraja za Beaufort hazikuondoka. Mwaka 1906 George Simpson alizilinganisha na mwendo wa upepo na ishara za nchi kavu, moshi na majani na matawi ya miti. Na baadaye mabaharia wakazifunga na sura ya mawimbi. Hapa kwetu, idara ya hali ya hewa ya Kenya itoapo onyo la upepo mkali pwani kwa kutaja noti zaidi ya 25, onyo hilo laanzia ndani ya daraja ya 6 ya Beaufort, ambayo ni kutoka noti 22 hadi 27. Manowari yake ya milingoti mitatu ilianza kukunja tanga kwa upepo huo. Mvuvi wa ngalawa na ajipime mwenyewe.

Hatukusudii kuwadharau wazee wetu. Ahmad bin Majid na marubani wa zama zake waliandika misimu ya pepo na njia za bahari hii kwa ujuzi ambao haujapotea thamani yake, na nahodha wetu ajua matlai na umande, kusi na kaskazi, bila ya kufundishwa na mtu wa London. Lakini ujuzi mwingi wa nguvu za upepo umekaa vifuani. Mwenye kifua akifa hufa nao, na akiwa hai hawezi kumpa mwenzake ila neno, na neno tumeona lilivyofanya.

Kwa hivyo twawaomba ndugu zetu wenye vyombo, wakiulizwa khabari ya bahari, wasijibu kuwa upepo ni mwingi au si mwingi. Waseme mambo manne: nilikuwa na tanga zima au nimelipunguza, upepo ulikuwa nyuma yangu, ubavuni, au nikienda joshi, mwendo wangu ulikuwa kiasi gani, na ilikuwa saa ngapi. Hayo hayataki mashine wala fedha. Na mwenye kujua kuandika na ayaandike kila siku katika daftari, hata ikiwa hakuna amwamrishaye. Upepo upo kwa amri ya Mwenyezi Mungu, wala kuupima si kuuzuia. Lakini mwenye kumpa mwenzake khabari ya upepo ameshika roho yake mkononi, na haijuzu kuipima roho ya mtu kwa kibaba kisichojulikana.